Jiwe Lililobaki na Mwanzi Uliooza

Iko sentensi moja ambayo karibu kila aliyesoma historia katika shule zetu ameibeba kichwani, hata kama mengine yote ameyasahau: binadamu ni mnyama atengenezaye zana. Ni sentensi fupi, hukaririka kwa urahisi, na katika chumba cha mtihani humpatia mtu alama. Pengine kwa sababu hiyo hatukuizoea kuiuliza maswali. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuiuliza maswali hayo. Sifanyi hivyo kwa chuki, maana sentensi hii imefanya kazi kubwa katika elimu ya chimbuko la mwanadamu. Nafanya hivyo kwa kuwa naamini imetuzoesha kuwapima watu kwa kipimo kibovu, na sisi wa huku Matwebe tumo miongoni mwa waliopimwa.

Chimbuko lake si moja. Mwaka 1876 Friedrich Engels aliandika makala ambayo haikuchapwa mpaka mwaka 1896, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Humo alidai kuwa kazi ndiyo iliyomtoa mtu katika unyani: mkono uliachwa huru kwa kusimama wima, mkono ukafanya kazi, kazi ikazaa lugha, na vyote pamoja vikaukuza ubongo. Mwaka 1949 Kenneth Oakley, mtaalamu wa Jumba la Makumbusho la Viumbe Asilia la London, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Man the Tool-Maker, yaani binadamu mtengeneza zana. Kitabu hicho kilichapwa tena na tena, na jina lake likawa kama amri. Walioandika vitabu vya shule katika Afrika Mashariki, wawe wa mrengo wa Engels au wa makumbusho, walikutana katika sentensi hiyo moja. Wakaiunganisha na ngazi ya zama: Zama za Mawe za Kale, za Kati na za Mwisho, kisha Zama za Chuma. Mwanafunzi akapanda ngazi hiyo kipandio kimoja baada ya kingine mpaka akajikuta juu kabisa, pamoja na mwalimu wake.

Tuanze na haki yake, kwa maana mkosoaji asiyetaja mema ya kitu anachokikosoa ni mgomvi tu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kuwa ubongo ndio uliotangulia. Kwamba mtu alianza kuwa na akili nyingi, halafu mwili ukafuata. Walikuwa na fuvu la kuthibitisha jambo hilo, lile la Piltdown lililotangazwa huko Uingereza mwaka 1912, lenye bongo la mtu na taya la nyani. Mwaka 1953 Oakley huyo huyo, pamoja na Joseph Weiner na Wilfrid Le Gros Clark, alionyesha kuwa fuvu hilo lilikuwa la kughushi. Kipimo cha madini ya florini ndani ya mifupa ndicho kilichoanza kuufichua udanganyifu huo. Kwa hiyo mtu aliyetupa sentensi yetu ndiye pia aliyesaidia kuondoa uongo mkubwa uliokuwa umeziba njia.

Kisha ardhi yetu wenyewe ikatoa ushahidi. Mwaka 1978 wasaidizi wa Mary Leakey walifukua Laetoli mfululizo wa nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Viumbe walioziacha walitembea wima kwa miguu miwili, na mafuvu ya wakati huo yanaonyesha kuwa ubongo wao ulikuwa mdogo, haukuzidi sana ule wa sokwe. Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata. Katika jambo hili Engels aliona mbali kuliko wataalamu wengi wa zama zake. Hiyo ni sifa yake, na hatuna haja ya kumnyima.

Lakini kuwa na haki katika jambo moja hakumpi mtu haki katika mambo yote. Naona sentensi hii ina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba sentensi inajizungusha yenyewe. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliyaona mabaki ya fuvu katika Bonde la Olduvai. Mumewe Louis aliliita Zinjanthropus, na kwa kuwa lilikutwa mahali palipotapakaa zana za mawe, alitangaza kuwa mwenye fuvu ndiye mwenye zana. Haukupita muda mrefu, kuanzia mwaka 1960, papo hapo Olduvai yakapatikana mabaki ya kiumbe mwingine mwenye meno madogo zaidi, mkono unaofanana na wetu na ubongo mkubwa kidogo. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi, jina lililopendekezwa na Raymond Dart. Zana zikahamishiwa kwake. Zinj, aliyekuwa fundi kwa miaka michache, akaachishwa kazi.

Tazama, msomaji, jinsi hoja ilivyokwenda. Zana ni alama ya mtu. Basi mwenye zana lazima awe mtu. Basi kati ya viumbe wawili, yule anayefanana nasi zaidi ndiye mwenye zana. Lakini ubongo wa huyu aliyechaguliwa haukufikia kiwango cha sentimita za ujazo 750 alichokuwa amekiweka Arthur Keith kuwa mpaka wa utu. Ikabidi kiwango kishushwe hadi 600. Sisemi kuwa wataalamu hao walikuwa wapuuzi. Walikuwa na mifupa ya mkono, ya mguu na meno ya kutetea uamuzi wao. Nasema tu kwamba kuhusu nani aliyeyachonga mawe yale, sentensi ndiyo iliyoamua kabla ya ushahidi.

Ushahidi umeendelea kuisumbua. Mwaka 2015 Sonia Harmand na wenzake walichapisha habari za zana za mawe kutoka Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3, umri unaozidi ule wa kisukuku chochote kinachojulikana cha jenasi yetu ya Homo. Mwaka 2023 zikatangazwa zana za Nyayanga, katika rasi ya Homa nchini Kenya, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Zilikuwa pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa, na pamoja na meno mawili ya Paranthropus, ukoo ule ule wa Zinj. Meno mawili hayatoshi kumrudishia Zinj cheo chake. Lakini yanatosha kuonyesha kuwa alifukuzwa bila kusikilizwa.

Na huku kwetu magharibi uzio ulikuwa umekwisha kurukwa zamani. Mwaka 1960, huko Gombe, Jane Goodall alimwona sokwe akiuchukua ujiti, akiutoa majani, akiuingiza katika kichuguu na kuwavua mchwa. Leakey alipopata habari alielewa mara moja kuwa ama maana ya zana ibadilishwe, ama maana ya mtu ibadilishwe, ama sokwe akaribishwe ndani. Kilichofanyika ni kwamba uzio uling'olewa na kusimikwa hatua chache mbele. Ikasemwa: kweli sokwe hutengeneza zana, ila hatumii zana kutengeneza zana nyingine. Kuanzia mwaka 1990 Nicholas Toth na wenzake wakamfundisha bonobo aliyeitwa Kanzi, huko Marekani, kugonga jiwe kwa jiwe na kupata vibanzi vyenye makali ya kukatia kamba. Mwaka 2016 ikatangazwa kuwa nyani wadogo wa Brazil hugonga mawe porini na kuangusha vibanzi vinavyofanana na vya watu wa kale, ijapokuwa hawavitumii kwa lolote. Mpaka unaohamishwa kila anapoukaribia jirani haustahili kuitwa mpaka. Ni ubishi wa shamba.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na hapa ndipo Matwebe inapoingia. Sentensi inazungumza juu ya zana, lakini ushahidi wake karibu wote ni mawe. Mgawanyo wa Zama za Mawe, za Shaba na za Chuma haukuzaliwa Afrika. Ulitungwa na Christian Jürgensen Thomsen katika jumba la makumbusho la Copenhagen, naye aliueleza katika kitabu cha mwaka 1836. Alikuwa na vitu vingi kabatini, akahitaji utaratibu wa kuvipanga. Kwa kazi hiyo utaratibu wake ulikuwa mzuri sana. Taabu ilianza pale utaratibu wa kupanga makabati ulipogeuzwa kuwa historia ya akili za watu. Kabati linaonyesha kilichobaki, wala halionyeshi vyote vilivyokuwapo.

Fikiria mahali kama hapa petu. Eneo la Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi na wenye uhai. Kitu cha mti ukikifukia leo, baada ya miaka michache hukioni. Chini yake kuna tabaka la mawe yale mepesi yanayoelea majini, ambayo wachimba visima na wachonga barabara wanayafahamu. Yalirushwa na Mlima Rungwe katika mlipuko mkubwa kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, yakafunika nchi pana. Juu ya udongo huo wazee wetu walijenga kwa mianzi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifu sana nchi ya Wanyakyusa, na nyumba zake zilikuwa miongoni mwa vilivyomfurahisha. Mianzi ilikuwa nguzo, ukuta, kikapu na chombo cha maji. Mgomba ulikuwa chakula, na jani lake likawa sahani, mfuniko, mwavuli na kamba.

Sasa mlete mchimbaji wa mambo ya kale hapa baada ya miaka 10,000. Atapata nini? Mawe matatu ya jiko, pengine jiwe la kusagia na jiwe la kunolea. Ataandika kuwa palikaa watu wachache wenye utamaduni hafifu. Hatasema uongo kuhusu alichokiona. Atakosea tu kudhani kwamba alichokiona ndicho kilichokuwapo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Walisema kweli. Lakini methali hiyo ina upande wa pili usiosemwa: vilivyozama navyo viliundwa.

Huu si utani wa mtu anayetetea kijiji chake. Magharibi mwa hapa, kwenye maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Tanzania na Zambia, J. Desmond Clark alianza uchunguzi mwaka 1953, akakuta miti iliyohifadhiwa kwa kulowa maji. Mwaka 2023 Larry Barham na wenzake walitangaza kuwa huko yamepatikana magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine, likiwa limechongwa pengo ili yashikamane. Umri wake ni miaka 476,000 kwa uchache. Ni kazi ya ujenzi, iliyofanywa kabla aina yetu ya binadamu haijaonekana duniani. Lau maji yasingeilinda, tungeendelea kufundisha kuwa viumbe wale walijua mawe tu. Mwaka 2025 ikaja habari nyingine kutoka Olduvai yenyewe: zana 27 za mifupa ya tembo, viboko na wanyama wengine wakubwa, zilizochongwa kwa utaratibu miaka milioni 1.5 iliyopita. Bonde limechimbwa kwa vizazi vitatu, na bado tulikuwa tukilisoma kama kitabu cha mawe.

Kwa hiyo tunapotamka Zama za Mawe tungefanya vema kukumbuka kuwa tunataja kilichodumu. Huenda zilikuwa zama za miti, za ngozi, za kamba na za magome. Tena yafaa tukumbuke kuwa mahali penye ukame, kama Olduvai na Isimila kule Iringa, panaonekana pana historia, na mahali penye rutuba na mvua panaonekana hapana. Tofauti hiyo imeletwa na hali ya hewa, wala si na vichwa vya watu.

Kasoro ya tatu ni kwamba sentensi imeiweka akili ndani ya chombo, wakati sehemu kubwa ya akili hiyo imo katika mambo yanayopita kati ya mtu na mtu. Nenda Isimila, ambako Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958, ukayaone mashoka ya mkono. Ni vitu vizuri; pande zote mbili zimechongwa kwa ulinganifu, na mengine ni makubwa na mazito mno kiasi cha kumfanya mtu ajiulize yalikuwa ya kazi gani. Mashoka ya namna hiyo yalianza kiasi cha miaka milioni 1.76 iliyopita huko Kokiselei, Kenya, yakaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni moja bila mabadiliko makubwa. Ikiwa chombo ndicho kipimo cha akili, tunasemaje juu ya akili inayorudia umbo moja kwa muda huo wote? Kwa upande mmoja inastaajabisha: maelfu kwa maelfu ya vizazi yalipokezana jambo gumu bila kulipoteza. Kwa upande mwingine inashangaza kwamba karibu hakuna aliyeongeza kitu.

Swali la maana basi si nani aliyechonga jiwe, bali ni vipi mwingine alijua kulichonga. Mwaka 2015 Thomas Morgan na wenzake walieleza jaribio walilowafanyia watu wazima 184, waliofundishana kuchonga vibanzi vya mawe. Wengine waliachiwa jiwe tu, wengine walitazama, wengine walielekezwa kwa mikono na ishara, wengine kwa maneno. Waliotazama tu hawakuwapita sana walioachwa peke yao. Waliofundishwa walifanya vizuri zaidi, hasa waliofundishwa kwa maneno. Jaribio hili lina mipaka yake. Washiriki walikuwa watu wa leo wenye lugha tangu utoto, na walijifunza kwa muda mfupi, ilhali fundi wa kale alikuwa na utoto wake wote wa kukaa kando ya mama yake akichezea mawe. Halituambii kuwa viumbe wa Olduvai walisema. Hata hivyo linatuelekeza mahali pa kutazama, nako ni kwenye mafundisho.

Mfano ulio karibu nasi uko Matema na Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu. Hawatumii gurudumu. Chungu huinuliwa kwa mkono, hulainishwa, hupambwa, hukaushwa na kuchomwa kwa moto wa wazi, kisha huenda sokoni na kwa mitumbwi hadi mbali. Mwulize mfinyanzi alijifunza wapi, atamtaja mama au bibi. Ukikiokota kigae cha chungu hicho utaona udongo. Hutamwona binti aliyekaa miaka kadhaa akikanda, akiharibu, akikanywa, akichekwa na kuambiwa rudia. Lakini huyo binti ndiye sayansi yenyewe. Akikosekana, chungu kilichopo hakina uwezo wa kumzaa mwenzake.

Mfano mwingine ni wa wavulana wa Kinyakyusa wa zamani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, jinsi vijana wa rika moja walivyojitenga wangali wadogo na kujijengea kijiji chao. Wengine wamekisoma kitabu hicho kama habari za ndoa na heshima, na ni kweli kuwa hayo yamo. Mimi nakisoma pia kama habari za shule. Mtoto wa miaka kumi au zaidi kidogo, akisaidiana na wenziwe kuchagua mwanzi, kuupasua na kuufunga, alikuwa akijifunza kwa njia ambayo hakuna jiwe litakaloihifadhi.

Na tusidhani kwamba kila jamii ilipaswa kujitengenezea kila kitu. Wanyakyusa walisifiwa kwa kilimo chao, lakini majembe na mikuki yao mingi ilitoka kwa wahunzi wa Kikinga, juu katika milima ya Livingstone. Wakinga walishuka na chuma, wakarudi na chakula. Tukifuata sentensi yetu kwa ukamilifu, Mkinga ni mtu kamili, Mkisi ni mtu kamili, na Mnyakyusa, aliyenunua jembe kwa mmoja na chungu kwa mwingine, ni mtu nusu. Upuuzi wa jambo hilo unaonekana bila darubini. Kujua umwamini nani, umpe nini, na akupe nini kwa msimu ujao ni kazi ya akili isiyo ndogo kuliko kufukuta moto.

Biashara hiyo nayo ni ya kale kupita majembe. Huko Olorgesailie, Kenya, mwaka 2018 wachunguzi walitangaza kuwa kiasi cha miaka 320,000 iliyopita watu walitumia mawe meusi ya kioo cha volkano yaliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 50, pamoja na udongo wa rangi. Mtu anaweza kubishana kama waliyafuata wenyewe au walibadilishana na majirani. Kwa vyovyote vile, kuna ramani ndani ya kichwa cha mtu, na huenda kuna jirani ndani ya ramani hiyo. Hata sokwe wana jambo la kutufundisha hapa. Wa Mahale, ambako Toshisada Nishida alianza kazi mwaka 1965, wakisafishana manyoya hushikana mkono juu ya kichwa. Wa Gombe, ufuko ule ule wa Ziwa Tanganyika, hawana desturi hiyo. Hakuna chombo chochote katika kushikana mkono. Ni desturi tupu, iliyopokewa kwa wakubwa. Utamaduni unaweza kuwapo bila zana, na hapo ndipo sentensi inapokwama.

Msomaji anaweza kusema: haya ni mabishano ya wasomi, yanamdhuru nani? Yanadhuru. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wameitwa mara nyingi, hasa na waandishi na waongozaji wa watalii, watu wa Zama za Mawe walio hai. Ncha za mishale yao ni za chuma. Chuma hukipata kwa majirani zao, hasa Wadatoga, na misumari hukigongagonga wenyewe mpaka iwe ncha. Lakini ukweli huo haujawaondolea jina. Jina linasema kuwa wamekwama katika kipandio cha chini cha ngazi, na mtu aliyekwama huonekana anahitaji kuvutwa. Katika miaka ya 1960 serikali iliwahamishia Yaeda Chini ili waishi kama wakulima. Mpango ukashindwa, wengi wakarudi porini. Ilikuwa mwaka 2011 ndipo sehemu yao walipopata hati ya kuilinda ardhi wanayoitumia. Ngazi ya makumbusho, ikishaingia ofisini, huhamisha watu.

Kwa namna ya upole zaidi, ngazi hiyo iko hata hapa Matwebe. Mtoto anafundishwa darasani juu ya mashoka ya Isimila, nchi ya mbali kwake, na anarudi nyumbani kwa bibi anayejua mwanzi upi hukatwa lini ili usiliwe na wadudu, jani lipi hufunika nini, na udongo upi hushika maji. Hakuna mtihani wa hayo. Mtoto anahitimisha, bila kuambiwa na mtu, kwamba bibi hajui kitu. Wala simwonei uchungu mwanzi wenyewe. Nyumba ya tofali na bati imeishinda nyumba ya mianzi kwa sababu za haki, na aliyewahi kulala chini ya paa linalovuja katika mvua ya Aprili hatamhubiria mwenzake utamu wa nyasi. Mambo hubadilika, na yalibadilika pia siku chuma cha Wakinga kiliposhuka mlimani. Ninachokililia ni kule kudhani kwamba kinachoondoka hakikuwa elimu.

Tena sentensi yenyewe, tukiigeuza ituangalie sisi, inatuaibisha. Nani kati yetu ametengeneza zana anayoitumia? Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa leo haiwezi kutengenezwa na mtu mmoja yeyote duniani, kuanzia mchimba madini hadi fundi wa kiwandani. Kila mmoja anajua kipande chake. Jembe letu linatoka kiwandani. Kama utu ni kutengeneza zana, basi Homo habilis alikuwa mtu kuliko mimi. Kama utu ni kupokea, kuongeza kidogo na kukabidhi, basi tunaendelea kuwa watu kwa kiasi kile kile tunachokubali kufundishwa na kufundisha.

Sipendekezi sentensi mpya ya kukariri. Ikiwa tutaondoa moja na kuweka nyingine, baada ya miaka hamsini mtu mwingine atalazimika kuandika kurasa kama hizi. Napendekeza zoezi. Mwalimu wa historia, kabla ya kuwataja Leakey na Oakley, awaambie wanafunzi waandike vitu 20 vilivyomo nyumbani kwao, kisha waweke alama kwenye vile vitakavyokuwapo ardhini baada ya miaka 1,000. Halafu waandike, mbele ya kila kitu, jina la mtu anayejua kukitengeneza, na jina la anayejifunza kwake. Nadhani safu ya kwanza itakuwa na alama chache, kwa sababu ya mvua yetu. Safu ya mwisho ndiyo ningependa waitazame kwa muda mrefu, hasa pale itakapokuwa wazi.